Tulijifunika Wawili

Shangazi yangu aliota mwanya akiwa tayari ana wajukuu, na sisi tukaushangilia.

Lazima nieleze. Kwetu Masaki, upande wa Kisarawe, miaka ile ya Mwingereza, mwanamke mwenye mwanya katikati ya meno ya mbele alihesabiwa mzuri hata kama vingine vyote vimempita kando. Wasichana tulikuwa tunajitazama kwenye maji ya ndoo na kutamani. Shangazi, dada yake baba, ujana wake wote meno yake yalikuwa yameshonana kama mkeka. Kisha, vita kubwa ya pili ilipokwisha, meno yale yakaanza kuachana. Wanawake kisimani hawakumwacha.

"Wifi, unarudi usichanani bila kutuaga?"

"Nimechoka kuwasubiri," akawajibu. "Nyie kaeni huko huko uzeeni mkiota jua."

Alikuwa akipitisha ncha ya ulimi pale penye nafasi, kila mara, kama anayehakikisha haijaondoka. Nilikuwa mdogo, nikimtazama nikaona kweli amependeza.

Majina ya watu hawa wote ninayo. Ninayo mpaka ya mbuzi wetu, na la yule jogoo aliyemparua dereva wa lori. Lakini wenyewe hawapo tena niwaulize kama wanakubali kuandikwa, basi nitawaita kama nilivyowaita wakiwa hai.

Mwanya wa kwanza ukafuatwa na wa pili, na wa tatu. Mahindi ya kuchoma yakaanza kumshinda. Halafu ikawa ngata, ile pete ya kukalishia mtungi kichwani. Shangazi alijulikana kwa kubeba mtungi kichwani bila kuushika kwa mkono. Angeweza kupanda kilima kutoka kisimani anagombana na mtu, mikono yote miwili iko hewani inagombana naye, na maji yasimwagike. Sasa ile ngata ya majani ya mgomba aliyoizoea ikawa haikai. Akailaumu ngata. Akasuka nyingine kubwa zaidi. Akailaumu na hiyo. Mwisho akaulaumu mtungi, akasema mfinyanzi siku hizi anafinyanga huku anasinzia. Hakuna aliyefikiri kwamba kilichobadilika ni kichwa. Nani angefikiri? Kichwa cha mtu mzima kimeshamaliza kukua.

Lakini chake kilikuwa kinakua. Paji la uso lilijitokeza mbele kidogo kidogo, mashavu yakanenepa kila upande wa pua, yakawa magumu ukiyagusa, si nyama, ni mfupa. Macho yakaonekana yamerudi ndani. Kichwa kilimuuma kwa siku nyingi mfululizo, na masikio yakaanza kuziba. Na paji lile lilikuwa la moto. Wakati wa kipupwe, asubuhi nikirudi kutoka kufagia uwanja, nilikuwa nikimwendea na vidole vyangu vya baridi na kuviweka pale.

"Haya, ota moto," alikuwa akisema, "lakini ukija na sufuria nitakufukuza."

Mjukuu wangu mmoja anafanya kazi ya hospitali. Nilipomsimulia miaka mingi baadaye, aliniambia ugonjwa huo upo. Mfupa kila siku unajibomoa kidogo na kujijenga kidogo, mwili wa kila mtu unafanya hivyo. Ila kwa wengine ujenzi unapotea njia, mfupa unajengwa ovyo, mnene, haukomi, na kichwa na uso ndipo unapoonekana zaidi. Nilimwambia kwamba shangazi angeyapenda maelezo hayo. Angesema, "Kumbe nimepewa fundi asiyejua kwenda nyumbani."

Wakati ule hatukuwa na maelezo. Tulikuwa na dresa, mfunga vidonda wa dispensari ya Kisarawe, ambaye baba alimpeleka shangazi kwake kwa miguu. Dresa yule alimgonga paji kwa kidole, akamtazama mikono na miguu, akasema, "Mifupa inanenepa. Si ukoma." Akampa vidonge vya maumivu.

Neno hilo la pili ndilo lililokuwa linatuogopesha. Uso wa mtu ukianza kuvimba na kubadilika, watu walikuwa na jina moja tu la kuutaja. Na aliyepewa jina hilo alichukuliwa akapelekwa kambini, mbali, kwa amri ya serikali, na waliobaki nyumbani wakawa watu wa kukwepwa. Mama akatangaza kwa majirani maneno ya dresa: mifupa inanenepa, mifupa tu. Majirani wakaitikia, "Ndiyo, ndiyo, ashukuriwe Mungu."

Pale kisimani palikuwa na kata moja ya kifuu ya kunywea maji, ya wote. Siku moja shangazi alikunywa, akampa aliyefuata. Yule mwanamke akaipokea kwa heshima, akaisuuza. Akaisuuza tena. Akaisuuza mara ya tatu, ndipo akanywa. Hakukunja hata uso. Shangazi alitazama maji yale yakimwagika chini mara tatu, akabeba mtungi wake kwa kuushika na mikono miwili, tukaondoka. Kuanzia siku hiyo alikunywa maji ya nyumbani tu.

Basi mimi nikawa mwali. Kwetu mwali aliwekwa ndani, miezi mingi, asionekane na watu wala asisikike sauti, na somo wake akawa anamfundisha adabu za mwanamke mtu mzima. Somo wangu alikuwa shangazi. Hilo lilikuwa limekwisha pangwa tangu nimezaliwa. Siku ya kutolewa ndiye angetangulia mbele, mimi nyuma yake nimemshika mabega, watu wote wakitazama. Nilikuwa ndani bado posa ilipokuja kutoka Soga, kule upande wa Kibaha penye stesheni ya reli. Watu wa Soga walikuwa watu wa kuheshimika, na mama wa kijana aliyeniposa alisifiwa kwa jicho. Walisema akiangalia kuku aliyepikwa anaweza kukuambia alikuwa anakula nini.

Shangazi aliposikia habari hiyo alikusanya mkeka wake na mto wake, akahamia chumbani kwangu.

"Nakaa humu," alimwambia mama. "Watu wa Soga wakija, mimi sipo. Wakiniona mimi watamwacha huyu."

"Na siku ya kumtoa?" mama akauliza.

"Atatolewa na mwingine."

Mama hakuwa na roho mbaya, jamani. Alikuwa na hofu, na jambo lile lile alikuwa ameliwaza akashindwa kulitamka. Akamtaja jirani mmoja mwenye sauti nzuri. Mimi nikiwa nimelala nimejigeuzia ukutani nikasikia wanamgawa somo wangu kama mtu anayegawa kiporo.

Miezi ile tuliyokaa ndani pamoja ndiyo ninayoipenda kuliko yote ya maisha yangu, na nina watoto wanane, wasinisikie. Mafundisho ya mwali ni ya kunong'ona. Shangazi sikio lake moja lilikuwa limekufa na la pili linaelekea huko, basi alinong'ona kwa sauti ambayo mtu anaitia mbuzi.

"MUME AKIAMKA NA HASIRA," alikuwa akininong'oneza, "USIMUULIZE KITU MPAKA AMEKULA! BABA YAKO HUYU HUYU NDIVYO TULIVYOMLEA!"

Nje uwanjani tukasikia jembe linaokotwa, baba huyo anakwenda shamba kwenye jua la mchana. Mama akawa anakohoa mlangoni kutuonya. Haikusaidia, kikohozi chenyewe shangazi hakukisikia. Mwisho nikabuni dawa: nilikaa nimemshika mkono, sauti ikizidi nambonyeza mara moja, anashuka. Akishuka mno nambonyeza mara mbili, anapanda. Tukazoea hivyo mpaka tukawa tunacheza ngoma kwa mikono. Yeye hakuisikia tena ngoma ya kijijini, mimi nilikuwa naisikia kwa mbali, nikawa nampigia mkononi ilivyo, na yeye akitikisa bega pale pale alipokaa, macho ameyafumba.

Alfajiri mbili tatu kwa wiki tulikwenda kisimani kuoga kabla watu hawajaamka. Mwali hatoki bila kujifunika kanga gubigubi, na shangazi akajifunika vile vile. Na hapo kisimani ndipo ulipotokea mkasa.

Palikuwa na Mnyamwezi mmoja, mfanyakazi wa shamba la mkonge kule Soga. Kila baada ya siku chache alikuja kwetu kununua makopa, muhogo mkavu, kwa chakula cha wenzake, na ndiye aliyekuwa akichukua salamu baina yetu na wakwe. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mtani anaweza kukukalia kwenye mkeka wako, kula kuku wako na kukutukana mbele ya wageni, na wewe huna ruhusa ya kukasirika, una ruhusa ya kumrudishia tu. Asubuhi hiyo alikuwa amewahi, yuko kisimani ananawa miguu, tukamkuta tumeshafika, hatuna pa kurudi.

Akatazama wawili waliofunikwa. Mmoja alikuwa anatembea wima, amebeba ndoo, ana haraka. Huyo nilikuwa mimi, nimesahau mafundisho yote. Mwingine alikuwa anakuja taratibu, shingo imeinama, kichwa kimelala mbele kwa uzito. Yule bwana alijua tu kwamba mwali yuko ndani na shangazi yake, basi akakata shauri.

"Shikamoo, shangazi!" akaniamkia mimi.

Mwali haruhusiwi kuongea. Nikasimama kama mti.

Akamgeukia shangazi. "Na huyu ndiye mwali wetu! Loo, huyu kafundwa. Tazama shingo ilivyolala! Mwali, achana na Soga, wale watakulisha vumbi la treni. Twende zetu Tabora, nikakuonyeshe maembe." Shangazi haoni wala hasikii, anakuja tu. "Adabu gani hii! Hata kunijibu hanijibu!"

Nikacheka. Nilijaribu kuimeza kanga, haikufaa, nikacheka mpaka ndoo ikaniponyoka. Shangazi akaona ndoo inaviringika miguuni kwake, akafunua kanga aone kuna nini, akakutana uso kwa uso na mchumba wake mpya.

Nilimwona yule mtani anavyotazama: paji, mashavu, macho yaliyozama. Nikasubiri afanye walivyofanya wote, atazame pembeni na kusema ashukuriwe Mungu. Hakutazama pembeni. Akaweka mikono kiunoni.

"Mtani," akasema kwa sauti ya kumfikia kiziwi, "mmekula muhogo mpaka umewapandia kichwani!"

Sijui mara ya mwisho mtu kumtania shangazi ilikuwa lini. Tangu kisa cha kata, watu walizungumza naye kama wanazungumza na maiti. Shangazi alimkazia macho, akajaza kifua.

"Changu kimekua kwa akili!" akasema. "Chenu Wanyamwezi kimebonyea kwa kubeba mizigo ya watu toka bara mpaka pwani!"

Yule bwana alikaa chini kwenye tope akacheka. Shangazi naye akacheka, meno yake yenye mianya yote nje. Walipopumua, mtani akauliza kwa nini tumejifunika wawili wakati mwali ni mmoja. Shangazi akamweleza yote, na kwa sauti ile yake ndege wa bonde zima wakaelezwa pamoja naye. Akamaliza: "Mama yule wa Soga akiniona atasema ukoma, na mtoto wangu huyu atakaa hivi hivi."

"Siku hiyo uje uso wazi," mtani akasema. "Mengine niachie mimi."

"Wewe utafanya nini?"

"Mimi ni mtani wako. Nitafanya ninalotaka."

Shangazi hakukubali. Wiki nzima alikataa. Siku ikapangwa, tembo la mnazi likaagizwa kwa waliokunywa na uji kwa wasiokunywa, na jirani mwenye sauti nzuri akaja kunipima kanga. Nilimwacha akaondoka, nikavunja mwiko, nikasema kwa sauti:

"Usiponitoa wewe, sitoki."

Shangazi alisoma midomo yangu. "Utaozea humu."

"Tutaoza wote."

"Mpumbavu wewe. Hao ni wakwe. Nataka uwe na nyumba yako, watoto wako. Mimi nimeshamaliza."

"Wewe hujamaliza kunifundisha," nikamwambia, nikamshika mkono. Halafu akaanza kulia, na machozi yalikuwa yanapita njia ndefu kuzunguka mashavu yale, nikayafuta kwa kidole. Paji lake lilikuwa la moto kama zamani.

Siku ilipofika uwanja ulijaa. Nilisikia ngoma, nikasikia vigelegele, nikasikia sauti ngeni za watu wa Soga wakikaribishwa kwenye mikeka. Tulisimama nyuma ya mlango, shangazi mbele, mimi nimemshika mabega.

"SIISIKII NGOMA," akaninong'oneza.

Nikaanza kumpigia kwa vidole. Bega la kulia, la kushoto, kulia kulia kushoto, kama ilivyokuwa inapigwa nje. Nilihisi mwili wake unaipokea. Akavuta pumzi, akaitoa kanga kichwani mwake, akaifunga kiunoni, tukatoka.

Mimi nilikuwa nimefunikwa na kuinamisha kichwa, nikaona miguu tu. Lakini masikio nilibaki nayo. Vigelegele vilikatika kimoja kimoja. Ngoma ikasita, ikaendelea. Miguu yake mbele yangu haikukosea hata hatua moja, kwa sababu mimi sikuacha kupiga. Tulifika katikati ya uwanja tukasimama mbele ya mikeka ya wakwe.

Ndipo nikaona miguu ya mtani inaruka mkeka.

"Watu wa Soga!" akapaza sauti. "Mmeona mlikooa? Wazaramo hawa wamekula muhogo, umewapandia vichwani! Huu ni mfupa au ni boga? Ngojeni niwapimie!"

Na, kama nilivyosimuliwa baadaye, akamfinya shangazi paji la uso. Si kumgusa. Alimfinya kwa kucha mbili, akasokota.

Kofi lililofuata lilisikika, nadhani, mpaka Kisarawe bomani.

"MSHENZI WEWE!" shangazi akapiga ukelele. "INAUMA!"

Mtani akaanguka chini makusudi, miguu juu, analia kwamba Mzaramo kamuua, apelekwe kwao Tabora akazikwe. Watu wakavunjika mbavu. Hata wale wa kisimani. Chini ya kanga nami nilicheka nikalia.

Wakati bado wanacheka nikaona miguu ya mwanamke mtu mzima inasimama kutoka mkekani, inakuja taratibu. Mama mkwe. Kicheko kikapungua. Alisimama mbele ya shangazi. Nikaona mikono yake inaishika mikono ya shangazi, inaigeuza juu, chini, inahesabu kidole kimoja kimoja. Vyote kumi vizima. Halafu ikainuka, nisiione tena.

"Ukoma una ganzi," akasema kwa utulivu, na watu wote wakasikia. "Mkoma humfinyi akakupiga namna hiyo. Huyu mama anaumwa kichwa chake tu. Pole, dada."

Shangazi hakuwa amesikia hata neno moja. Aligeuka nusu, akanitafuta. Nikabonyeza bega lake mara mbili, polepole, kwa maana ya kwamba panda, usiogope.

"Kuna joto," mama mkwe akasema. "Nipeni maji."

Wasichana wakakimbia kuleta kata. Adabu yetu mkubwa wa nyumba hutangulia kuonja ndipo ampe mgeni, na mkubwa siku ile alikuwa somo. Nikaona kata inashushwa mikononi mwa shangazi. Nikaona anasita. Mama alikuwa karibu, nikausikia mkufu wake unalia, akataka kusogea aichukue. Shangazi akainua, akaonja, akaishusha, akaishika tu, akisubiri aone kama maji yatamwagwa.

Mama mkwe akaipokea, akanywa mpaka chini.

Hayakumwagika hata tone. Nililiangalia lile vumbi kati ya miguu yao, lilibaki kavu.

Ngoma ikarudi kwa nguvu. Niliolewa Soga, na shangazi alikuja kukaa nasi miezi kwa miezi mpaka alipofariki kwa uzee wake, kichwa chake kizito kikiwa mapajani mwangu, na ngata yake ya mwisho, kubwa kama ungo, niliisuka mimi. Yule mtani alikuja kwenye matanga akadai kuku wawili, mmoja wa kofi.

Lakini ninachokiona kila nikifumba macho ni uwanja ule. Shangazi amesimama uso wazi, kata tupu imerudi mikononi mwake, anainama nyuma kuninong'oneza siri ya somo kwa mwali.

"HUYU MAMA MKWE," akasema, na Masaki nzima na nusu ya Soga ikageuka, "HUYU NI MTU!"

Nikambonyeza bega mara moja, kwamba sauti imezidi, ashushe.

Akaizidisha.